Andikeni leseni yenu ndani ya msimbo: barua ya wazi kwa watunzaji wa programu huria

Ndugu watunzaji na viongozi wa miradi ya programu huria,

Salamu nyingi, na shukrani zitangulie. Programu ninazozitegemea kila siku mmeziandika ninyi, wengi wenu bila malipo, usiku, baada ya kumaliza kazi nyingine. Kazi yangu ni kuchukua mlichokitoa, kukifungasha kiendane na mfumo wa uendeshaji, kisha kukiingiza katika hazina ambamo mtumiaji hutoa amri moja tu na programu ikajisakinisha. Nawaandikia kwa sababu kuna jambo linalokwamisha kazi hii kuliko hitilafu zote za msimbo, na wenye mamlaka ya kulimaliza ni ninyi peke yenu. Leseni za miradi yenu, kwa sehemu kubwa, hazieleweki.

Wengi hudhani mfungashaji hutumia muda wake kupambana na kompaila na maktaba (vipande vya msimbo ambavyo programu nyingine huvitegemea) zinazokosekana. Mapambano hayo yapo, lakini huisha. Kinachokula muda ni kufungua faili baada ya faili kutafuta nani aliandika nini, na ameruhusu lifanywe nini. Debian, mojawapo ya mifumo ya uendeshaji ya Linux, hutaka kila kifurushi kibebe faili liitwalo debian/copyright, lenye kutaja hakimiliki na leseni za msimbo uliomo, na kifurushi kipya husubiri foleni mpaka wasimamizi wa hazina walikague. Fedora, mfumo mwingine wa namna hiyo, nao wana orodha ya leseni zinazokubalika na zisizokubalika, na mfungashaji hana ruhusa ya kuandika kwa makadirio. Ukionekana mgongano, kifurushi kinarudi. Nimeona programu nzuri, zisizo na dosari yoyote katika utendaji, zikibaki nje ya hazina kwa sababu ya faili moja lisilojulikana limetoka kwa nani.

Nianze na msingi, maana bado nakutana na watu wanaoamini kwamba msimbo ukishawekwa hadharani umekuwa wa wote. Mkataba wa Berne ulitiwa saini mwaka 1886, na marekebisho yaliyofanyika Berlin mwaka 1908 yaliondoa sharti la kusajili kazi ili ilindwe. Nchi nyingi za dunia zimeuridhia. Maana yake ni kwamba hakimiliki huanza pale unapoandika, hata usipoweka jina wala alama. Mradi usio na leseni ni mradi ambao mwenyewe hajaruhusu chochote. Ninaweza kuusoma. Siwezi kuunakili, kuurekebisha ili ukae vizuri kwenye mfumo, wala kuutawanya kwenye seva za nakala zilizotapakaa duniani, na hayo matatu ndiyo kazi yote ya ufungashaji.

Miradi isiyo na leseni kabisa, hata hivyo, si ndiyo inayonisumbua zaidi. Hiyo jibu lake liko wazi: haifungashwi mpaka mwenyewe aseme. Taabu iko kwenye miradi yenye leseni nyingi zinazopingana. README, faili la utangulizi, inasema mradi uko chini ya GPL (leseni inayotaka anayesambaza programu atoe pia msimbo wake kwa masharti yaleyale), basi, bila kutaja toleo. Faili la COPYING lina maandishi ya toleo la 3. Vichwa vya mafaili ya msimbo vinasema toleo la 2 peke yake. Faili la maelezo ya kifurushi, lile linalosomwa na zana za lugha husika, limeandikwa MIT, leseni fupi yenye masharti machache, labda kwa sababu kiolezo kilikuja nalo na hakuna aliyelibadilisha. Nimsadiki nani? Kila moja ya kauli hizo inaweza kuwa ndiyo nia yenu ya kweli. Nikichagua mimi, nimewasemea wenye mali bila kutumwa.

Kuna anayeona tofauti hizo ni za herufi tu. Hapana. GPL toleo la 2 ilitoka Juni 1991 na toleo la 3 Juni 2007, na masharti yake hayafanani. Chukueni mfano ambao hunifikia mara kwa mara: programu ya GPL inayotegemea maktaba yenye leseni ya Apache 2.0. Shirika la Free Software Foundation, lililotunga GPL, linashikilia kwamba Apache 2.0 haipatani na GPL toleo la 2, kwa sababu ya masharti yake kuhusu hataza (haki za uvumbuzi), lakini inapatana na toleo la 3. Kwa hiyo kama mmeandika "toleo la 2 au lolote la baadaye", naweza kuisambaza programu hiyo pamoja na maktaba yake kwa kufuata toleo la 3. Kama mmeandika "toleo la 2 peke yake", siwezi. Maneno hayo machache ndiyo yanayoamua kama mtumiaji ataipata programu au ataikosa. Na kama hamkutaja toleo lolote, kifungu cha 9 cha GPL toleo la 2 kinampa mpokeaji hiari ya kuchagua toleo lolote lililowahi kuchapishwa. Je, ndivyo mlivyokusudia? Miongoni mwenu wapo ambao wangeshtuka kusikia hivyo.

Jina la leseni "BSD" nalo, likisimama peke yake, halitoshi. Kuna BSD ya vifungu viwili, ya vitatu, na ile ya kale ya vinne, ambayo kifungu chake kimojawapo kilitaka kila tangazo linalotaja vipengele vya programu liwataje pia waandishi wake. Chuo Kikuu cha California kilikifuta kifungu hicho Julai 1999, lakini kilikifuta kwa msimbo wake chenyewe. Waliokuwa wamenakili maandishi yale na kuweka majina yao wanaendelea kufungwa nayo mpaka wayafute wenyewe, na kifungu hicho hakipatani na GPL. OpenSSL, maktaba ya kulinda mawasiliano ya mtandao kwa usimbaji fiche, ilibeba sharti la namna hiyo kwa miaka mingi, na programu za GPL zilizoitumia zililazimika kuongeza kibali maalumu kwenye leseni zao. Ambazo waandishi wake hawakuongeza kibali zilifungashwa kwa maktaba nyingine au zikaachwa. Kwa programu zinazoweza kufuata GPL toleo la 3, mambo yalinyooka OpenSSL 3.0 ilipotoka Septemba 2021 chini ya Apache 2.0.

Sasa nifike kwenye jambo hasa lililonifanya niandike. Tunapokuta mgongano huwaandikia, na wengi wenu hujibu kwa wema: "Chukua tu, hakuna shida." Nawashukuru kwa moyo huo, na naomba mnielewe kwa nini jibu hilo halinisaidii. Kwanza, mmeniruhusu mimi. Hamjamruhusu anayechukua kifurushi changu na kujenga mfumo mwingine juu yake, wala mtumiaji atakayetaka kukirekebisha na kumpa mwenzake. Miongozo ya Debian kuhusu programu huria, iliyopitishwa Julai 1997, inasema wazi katika kipengele cha 8 kwamba haki zinazoambatana na programu zisitegemee programu hiyo kuwa sehemu ya Debian. Ruhusa ya mtu mmoja, au ya mfumo mmoja, haiifanyi programu kuwa huria.

Pili, barua ya faragha haisafiri na msimbo. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga, na ruhusa iliyobaki kwenye sanduku la barua la mfungashaji hupotea siku anapoacha kazi hiyo. Anayemrithi hukuta kichwa cha faili kilekile cha zamani na kuanza kuuliza upya.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, ruhusa isiyoandikwa kwa ukamilifu hubadilika maana mwenyewe anapobadilisha mawazo. Mwaka 2001 mifumo kadhaa ya uendeshaji ya jamii ya BSD, OpenBSD ikiwemo, ilikuwa ikitumia IPFilter, programu ya kuchuja mawasiliano ya mtandao. Leseni yake iliruhusu kutumia na kusambaza, lakini haikutaja kurekebisha. Watu waliichukulia kuwa huria kama nyingine walizozizoea. Mwaka huo mwandishi wake akaeleza kwamba kusambaza nakala zilizorekebishwa bila idhini yake hakuruhusiwi. Hakuwa amevunja ahadi yoyote, kwa sababu ahadi hiyo haikuwahi kuandikwa. OpenBSD waliiondoa, wakaandika PF tangu mwanzo, na PF ikatoka na OpenBSD 3.0 Desemba mwaka huohuo. PF imekuwa programu nzuri sana, lakini wasimamizi wa mitandao walilazimika kuhamia programu nyingine kwa kuwa neno moja, "kurekebisha", halikuwepo kwenye leseni.

Kuna wanaosema mambo haya ni ya mawakili na waandishi wa programu wasisumbuliwe nayo. Mahakama zimekwisha kuonyesha kwamba leseni hizi si mapambo. Agosti 2008, katika kesi ya Jacobsen dhidi ya Katzer, mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kwamba masharti ya leseni huria yanaweza kusimamiwa kwa sheria ya hakimiliki, hata kama programu ilitolewa bure. Uamuzi huo unawalinda ninyi. Unanibana na mimi pia, ninayesambaza kazi yenu.

Nije kwenye vitu vya kuazima, ambako hata watunzaji makini huteleza. Mradi unaweza kuwa na leseni safi ya MIT juu kabisa, halafu ndani yake kuna saraka yenye maktaba za watu wengine zilizonakiliwa nzimanzima. Kuna aikoni zilizochukuliwa mtandaoni, fonti, sauti za mfano, jedwali la data, vipande vya msimbo vilivyokopwa kwenye majibu ya watu. Kila kimoja kina mwenyewe. Machi 2021 maktaba moja ya lugha ya Ruby, mimemagic, iligundulika kuwa imebeba faili la data kutoka mradi wa shared-mime-info, ambalo lilikuwa chini ya GPL toleo la 2, ilhali maktaba yenyewe ilijitangaza kuwa MIT. Mtunzaji wake alipoambiwa aliyaondoa matoleo ya zamani na kutoa jipya chini ya GPL. Rails, mfumo mkubwa wa kujengea tovuti wenye leseni ya MIT, ulikuwa ukiitegemea maktaba hiyo, na ghafla watu kila mahali hawakuweza kujenga upya mifumo yao mpaka marekebisho yalipotoka. Chanzo kilikuwa faili moja la data. Halikuwa na hitilafu; kilichokosekana ni mtu wa kuandika lilikotoka siku lilipoingizwa.

Hapo hapo niseme kuhusu mafaili ya JavaScript, lugha ya programu za tovuti, yaliyobanwa mpaka yakawa mstari mmoja mrefu usiosomeka. GPL inaeleza msimbo chanzo kuwa ni umbo la kazi linalopendelewa katika kufanyia marekebisho. Hakuna mtu anayependelea kurekebisha mstari ule. Mkiingiza faili lililobanwa bila chanzo chake, mara nyingi hata kichwa cha leseni kimefutwa na zana iliyolibana, na mfungashaji analazimika kulitafuta lilikozaliwa, toleo lilelile, au kuliondoa na kuvuruga programu yenu. Wekeni chanzo kando yake. Kwa fonti, soma leseni mpaka mwisho: OFL, leseni ya fonti ya shirika la SIL, toleo la 1.1, inamruhusu mbunifu kulihodhi jina la fonti, hivyo anayeirekebisha hana budi kuibadilisha jina.

Halafu kuna leseni za kujitungia. Maarufu kuliko zote ni ile ya JSON (muundo wa kuandika data) ya Douglas Crockford, ambayo ni MIT iliyoongezwa sentensi inayosema programu itumike kwa wema na si kwa uovu. Nani asiyetamani hivyo? Natamani mimi pia. Lakini sharti hilo haliwezi kupimwa, na linazuia matumizi, kwa hiyo Debian na Free Software Foundation hawaihesabu kuwa leseni huria. Mwaka 2016 shirika la Apache nalo liliizuia katika miradi yake, na watunzaji wakaanza kutafuta maktaba mbadala. Anayetenda uovu hasomi leseni. Aliyeumizwa na sentensi ile ni msambazaji mwaminifu. Nawasihi, msitunge leseni, na msiongeze sentensi kwenye leseni iliyopo, hata ya nia njema namna gani. Chagueni mojawapo ya zile ambazo dunia imezisoma na kuzielewa.

Wanaotaka kuacha haki zote nao wawe waangalifu. Kuna nchi, Ujerumani ikiwa mojawapo, ambako mwandishi hawezi kuitupa hakimiliki yake yote kwa tamko tu. SQLite, programu ya hifadhidata, haina leseni, imetolewa kwa umma moja kwa moja, na bado waandishi wake huuza hati kwa makampuni yanayohitaji uthibitisho. CC0, hati ya Creative Commons ya kuachia haki zote, ilitungwa kuziba pengo hilo, lakini inasema wazi kwamba haitoi haki yoyote ya hataza, na mwaka 2022 Fedora waliacha kuikubali kwa msimbo mpya. Leseni fupi kama MIT au BSD ya vifungu viwili itawafikisha karibu na mnapotaka, bila maswali hayo.

Basi naomba nini? Wekeni maandishi kamili ya leseni kwenye mzizi wa mradi. Juu ya kila faili la msimbo andikeni mstari wa hakimiliki, na chini yake mstari wa SPDX-License-Identifier. SPDX ni mpango ulioanza mwaka 2010 wa kuzipa leseni vitambulisho visivyo na utata, na tangu mwaka 2021 ni kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 5962. Waratibu wake waliona kwamba GPL-2.0 ilikuwa ikisomwa kwa njia mbili, wakaiacha na kuweka GPL-2.0-only na GPL-2.0-or-later. Tumieni hizo mbili. Kiini cha Linux kilikuwa na maelfu ya mafaili yasiyotaja leseni yoyote, na waliyaongezea vitambulisho hivyo kuanzia toleo la 4.14, Novemba 2017. Kama mradi wa ukubwa ule umeweza, wa kwenu unaweza kwa siku chache. Free Software Foundation Europe wana kanuni ziitwazo REUSE, pamoja na zana inayopita kwenye mradi mzima na kuonyesha faili gani halina leseni. Iwekeni ifanye kazi pamoja na majaribio yenu mengine ili mchango mpya usiingie bila alama.

Na tafadhali, yote hayo yawemo kwenye kifurushi cha toleo mnachokichapisha. Hili hunitia uchungu kwa sababu ni dogo mno. Faili la LICENSE lipo kwenye hazina ya msimbo, lakini zana ya kutengeneza toleo haikuambiwa ilichukue, na kilichochapishwa hakina hata neno la leseni. MIT inataka tangazo la hakimiliki na ruhusa liambatane na kila nakala. Toleo lenu linapotoka bila tangazo hilo, mnaniachia nakala nisiyoweza kuigawa kihalali mpaka nilitafute maandishi kwingine na kuyaongeza kwa mkono, katika kila toleo.

Mkibadilisha leseni, tangazeni ni kuanzia toleo gani. Na kumbukeni kwamba msimbo wa wachangiaji ni mali yao mpaka wawe wamewapa kwa maandishi. OpenSSL waliwaandikia mamia ya waliowahi kuchangia kabla ya kuhamia Apache 2.0. Waandishi wa VLC, programu ya kuchezea video, waliwasaka wenzao mmoja mmoja kuanzia mwaka 2011 ili kuihamisha injini yake kutoka GPL kwenda LGPL, ndugu yake yenye masharti mepesi zaidi. Kazi hiyo huwa ngumu kadiri miaka inavyopita: anwani hufa, watu huacha fani, na wengine hufariki, haki zikawaangukia warithi wasiojua hata programu ni nini. Ikiwa leo mna utata na waandishi watatu wa mwanzo bado wanajibu barua, waulizeni leo.

Sisi wafungashaji tuko tayari kubeba sehemu ya mzigo. Tumekwisha kusoma mafaili yenu yote, na orodha ya yenye mashaka tunayo. Tutawaletea marekebisho yakiwa tayari, faili kwa faili. Tunachohitaji kutoka kwenu ni uamuzi wa mwenye mali, ulioandikwa ndani ya msimbo wenyewe mahali ambapo kila atakayeupokea ataukuta. Mtakapopokea swali letu lijalo kuhusu leseni, msilijibu kwa barua. Rekebisheni faili, toeni toleo jipya, kisha tuambieni namba yake.

Wenu katika kazi hii,
Mfungashaji wa programu huria